Mwenye Viti wa Kijitoni

Ukimtafuta kwa jina lake la kuzaliwa utazunguka mtaa mzima na kurudi ulikotoka. Ulizia Mama Viti, hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole. Nyumba yake ni ile ya mwisho, pale barabara inapochoka na kugeuka njia ya miguu. Ina geti la mabati, na nyuma ya geti kuna banda refu lililojaa viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine mpaka vinakaribia kugusa paa. Harusi, msiba, mahafali, mkutano wa wazazi shuleni, mkutano wa hadhara: popote watu wa mtaa ule walipokusanyika wakakaa, walikuwa wamekalia mali yake.

Hakuanza na viti, alianza na ufagio. Alikuwa mfagiaji katika ukumbi wa mikutano karibu na soko, na siku ukumbi ulipoletewa viti vipya, msimamizi alimwambia akavitupe vile vya zamani vilivyovunjika. Akavipakia kwenye mkokoteni, akapita jaa la taka bila hata kugeuza shingo, akaenda navyo nyumbani. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kushona maturubai, aliutazama ule mzigo wa miguu iliyokatika na migongo iliyopasuka, akashika kiuno.

"Mama watoto, umeleta viti au umeleta majeruhi?"

"Nimeleta kazi," alisema. "Lete sindano yako."

Wakavitibu. Mume alitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, mke akashona nyufa kwa waya mwembamba, na kila kilichopona kilipigwa alama ya rangi chini yake ili kisije kikapotelea ugenini. Jirani aliyefiwa akaja kuviazima. Jirani mwingine, aliyeoza binti, akaja kuvikodi. Kidogo kidogo viti vikazaa viti, mume naye akaongeza maturubai, na yule mfagiaji akawa mwanamke anayejitegemea. Katika mikutano mikubwa, mshereheshaji alipomkaribisha mwenyekiti meza kuu, yeye huko nyuma alimnong'oneza mumewe: "Mwenye kiti ni mimi. Yule anakikalia tu."

Kwa hiyo alihudhuria mikutano mingi kuliko mwanasiasa yeyote, ingawa hakuwahi kualikwa hata mmoja. Alisimama pembeni, jicho kwa viti vyake, maana kuna watu wana tabia ya kuinua miguu ya mbele ya kiti na kujibembeza kwa ile ya nyuma, na hao ndio waliomnyima usingizi. Pale pembeni aliona mengi. Safu ya kwanza ilikuwa ya wageni, zilizofuata za wazee na wenye maduka, kisha kina mama. Vijana hawakuwa na safu. Walisimama nje ya turubai, juani, wamejiegemeza ukutani, simu mkononi. Wakisikia la kuwachekesha walicheka, wakisikia la kuwaudhi waliondoka. Na viti vitupu vilikuwapo.

Siku moja alimuuliza Kasuku, mmoja wa vijana waliombebea viti, kwa nini hawakai. Kasuku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Tukae tufanye nini, Mama? Wanaongea mambo yao."

"Mambo yao yapi? Si wanazungumzia barabara hii hii unayopita?"

"Nikisukuma mkokoteni barabara ni yangu. Kwenye mkutano ni yao."

Mama Viti akamtwisha rundo la viti aende, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyuma ya banda lake kilipita kijito. Alipohamia pale, maji yake yalikuwa meupe mpaka mchanga wa chini ulionekana, na ndipo alipooshea viti vyake baada ya kila shughuli, kwa kuwa maji ya bomba yalikuja yalipojisikia. Miaka ikaenda, nyumba zikaongezeka, na kijito kikaanza kubeba kila ambacho watu hawakukitaka tena. Chupa, mifuko, nguo kuukuu, siku moja hata sinki la jikoni. Yeye aliendelea kuosha. Uchafu ulikuwa umeingia polepole, na jambo likiingia polepole mtu hulizoea.

Aliyemzindua ni mama wa bibi harusi mmoja, aliyempigia simu kesho yake baada ya sherehe.

"Mama Viti, dada yangu, mimi nakuheshimu. Lakini mkwe wangu kutwa nzima alikuwa akikagua soli za viatu vyake, akidhani amekanyaga kitu. Kumbe ni kiti alichokalia!"

Mama Viti aliomba radhi huku uso ukimwaka. Akaenda bandani, akainua kiti kimoja akakinusa. Akanusa na cha pili. Cha tatu hakukinusa, alikikalia tu, akashika tama.

Hapo ndipo binti wa mdogo wake alipomkuta. Binti huyu alikuwa amemaliza shule na kuja kukaa hapo huku akitafuta chuo. Nyumbani walimwita Wakili, kwa kuwa hakuwahi kupokea amri bila kuihoji. Mama yake, aliyeishi mbali, alimleta kwa dada yake akisema amechoka kushindwa hoja na mtu aliyemzaa mwenyewe.

"Mama mkubwa, viti havina kosa," alisema Wakili. "Kosa ni la maji."

"Najua ni maji. Sasa maji nayo nitayaosha kwa nini?"

"Kwa mikono."

Mama Viti alimwangalia aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Wabeba viti walipopewa habari, Kasuku ndiye aliyewasemea. "Mama, kusafisha kijito si kazi ya manispaa?"

"Ni kazi ya manispaa."

"Basi?"

"Basi harusi nyingine ikinuka, wataipigia simu manispaa?"

Jumamosi ya kwanza walitokea wawili. Mmoja ni Wakili, ambaye hakuwa na pa kukimbilia kwa kuwa alilala humo humo ndani. Wa pili ni kijana mpole, mwenye mikono mikubwa kama makasia, ambaye kwa sababu ya mikono hiyo walimwita Ngumi, ingawa hakuwahi kumpiga mtu maishani. Mama Viti alifunga kitambaa kichwani, akavua viatu, akaingia majini nao. Walivuta godoro lililolowa mpaka likawa zito kama ng'ombe. Walitoa matairi, makopo, na lile sinki. Mpita njia mmoja alisimama juu ya kidaraja akiwacheka.

"Mama Viti, unatafuta kiti kilichozama?"

"Natafuta aibu yako," alimjibu bila kuinua kichwa. "Nilisikia uliitupa huku."

Jua lilipokuwa kali, ile sehemu ya nyuma ya banda ilikuwa wazi. Ngumi alisimama kwenye maji yaliyomfika magotini, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Yanatembea," alisema. Siku ile hakusema neno jingine, na Mama Viti aliona halikuhitajika.

Jumamosi zilizofuata Ngumi alikuja na mdogo wake, Wakili akaleta wasichana aliofahamiana nao kisimani na dukani, na mwishowe Kasuku naye akaja, kwa kuwa alivumilia kila kitu isipokuwa kusikia hadithi ambazo yeye hakuwamo. Walianza kuitwa watu wa kijitoni. Mume wa Mama Viti aliwashonea mifuko mikubwa ya taka kwa vipande vya turubai lililochakaa. Wakachoka pamoja, wakachekana pamoja, na sehemu iliyo safi ikarefuka wiki hadi wiki.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, na asubuhi yake kijito kizima kilikuwa kimejaa taka kama vile hakuna mtu aliyewahi kukigusa.

Walisimama ukingoni kama waliofiwa. Kasuku alibwaga koleo. "Tunatwanga maji kwenye kinu, jamani. Mimi nimeshindwa."

"Taka hazioti kama uyoga," alisema Wakili. "Zinatoka mahali. Twendeni tukapaone."

Wakapanda kufuata maji, wakipita nyuma ya nyumba za watu, wakiruka kamba za nguo na kubwekewa na mbwa. Mama Viti aliwafuata polepole, magoti yakimlalamikia. Nyuma ya soko wakapata walichokitafuta. Kontena la taka la soko lilikuwa limewekwa ukingoni kabisa mwa kijito, limefurika, na ukuta mfupi uliokuwa ukizuia taka zisiporomoke ulikuwa umebomoka. Kila mvua ilichota pale na kuteremsha. Hapo kila mtu alielewa, lakini Ngumi alikuwa ameshawapita, anaendelea kupanda. Wakamfuata mpaka chini ya miamba, na pale wakaona chemchemi ikitoka kati ya mawe mawili, maji meupe, baridi, yasiyo na hata jani.

Kasuku alizaliwa mtaa ule na hakuwahi kufika pale. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, alinyamaza. Akachota maji kwa kiganja, akanawa uso.

"Kumbe kinazaliwa kisafi," alisema hatimaye.

Kesho yake walikwenda ofisi ya kata, kundi zima, na matope yao miguuni. Ofisa aliwatazama juu ya miwani.

"Ninyi ni akina nani?"

"Wakazi," alisema Wakili.

"Wakazi wako wengi. Ni kikundi gani? Kiongozi wenu ni nani? Mimi siwezi kuongea na msafara."

Walirudi wanatoka moshi. Uani kwa Mama Viti, Kasuku alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akapendekeza waipakie taka yote waliyoikusanya na kuimwaga mlangoni mwa ofisi ile, ofisa akifika kazini ainuse. Makofi yalipigwa. Mama Viti, aliyekuwa akihesabu viti, aliacha.

"Mkifanya hivyo mtakuwa mmempa zawadi," alisema. "Atawaita wahuni, na mhuni hajibiwi, anafukuzwa. Amewauliza kiongozi wenu ni nani. Mbona swali lenyewe ni jepesi?"

"Tuchaguane, basi!" alisema Kasuku, na kwa namna alivyojinyoosha ilikuwa wazi anadhani atachaguliwa nani.

Mama Viti alifungua banda, akamwambia kila mtu achukue kiti. Waliosimama kugombea walikuwa wawili, Kasuku na Wakili. Utaratibu ulikuwa mmoja tu: ukimtaka mtu, beba kiti chako ukakipange nyuma yake, ukikalie, kila mtu akuone. Kasuku alihutubia vizuri mpaka mume wa Mama Viti akaweka sindano chini kumsikiliza. Wakili alisimama kwa muda mfupi sana.

"Mimi sijui kuhutubia," alisema. "Najua kuuliza. Nitakwenda ofisini kuuliza, na nikinyimwa jibu nitarudi kuuliza tena. Ni hayo tu."

Wa kwanza kuinua kiti alikuwa Ngumi, rafiki wa Kasuku tangu utotoni. Alisimama nacho katikati ya ua, akamtazama rafiki yake, macho ya wote yakiwa kwake. Kisha akaenda kukiweka nyuma ya Wakili. Baada ya hapo viti vilianza kuvutwa huku na huku, na safu mbili zikakua, moja ikaizidi nyingine, si sana, lakini bila ubishi.

Mama Viti aliona jinsi uso wa Kasuku ulivyoporomoka. Kijana alimpa Wakili mkono, akatoka getini. Wiki nzima alibeba viti kimya kimya, na kimya chake kilimtisha Mama Viti kuliko kelele zake zote. Mwisho alimfuata kwenye mkokoteni.

"Kasuku, umeshindwa kura, hujashindwa sauti. Huyu mwenyekiti wenu anaongea kama anayesoma maelezo ya dawa. Sasa watu watakusanywa na nani?"

Kasuku alijaribu kukunja uso, cheko likamponyoka. "Kweli anaongea kama chupa ya dawa."

"Basi usimwache peke yake."

Jumamosi ile alirudi, akapita nyumba kwa nyumba akiita watu, na hakuna aliyethubutu kumfungia mlango, kwa kuwa angeendelea kuongea mlangoni hapo hapo.

Wakili naye alifanya kama alivyoahidi. Alikwenda ofisini, akarudishwa. Akarudi tena, akaambiwa ofisa hayupo, akakaa akamsubiri, na ofisa aliyekuwa ndani ikabidi atoke. Hatimaye akaambiwa diwani anakuja kwenye mkutano wa hadhara, na kama ana neno aje aliseme huko. Neno lenyewe likazidi kuwa kubwa, kwa sababu waligundua mkutano huo uliitishwa kuwatangazia watu kwamba ukingo wa kijito nyuma ya soko utafukiwa kwa kifusi ili malori ya mizigo yapate maegesho.

Ofisi ya kata ilikuwa mteja mkubwa wa Mama Viti. Siku mbili kabla ya mkutano, ofisa alikuja mwenyewe kutoa maelekezo.

"Safu ya mbele wageni, Mama, kama kawaida. Nyuma yao wafanyabiashara na wazee. Wale watoto wako wa kijitoni wasimame tu nyuma, wamezoea."

"Nimekusikia, Bwana Ofisa," alisema Mama Viti.

Ofisa alipoondoka, Mama Viti aliingia ndani akakaa karibu na mumewe, akamweleza. Mzee aliendelea kushona kona ya turubai mpaka akafika mwisho wa uzi.

"Tukiwakasirisha hawa, hawatatuita tena," alisema mke.

"Hawatatuita."

"Na ndio wateja wetu wakubwa."

"Ndio." Akakata uzi kwa meno. "Ila watu hawajaacha kuoana, mama watoto. Panga viti unavyoona ni haki."

Siku ya mkutano alipanga safu ya wageni. Nyuma yao, kabla ya mtu mwingine yeyote, akapanga safu mbili, akamweka Ngumi azilinde. Ofisa alipofika alisimama mbele yake ameshika kalamu.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vya wananchi."

"Wananchi gani?"

"Waliovua viatu wakaingia majini," alisema Mama Viti, na akashangaa kusikia sauti yake haitetemeki. Gari la diwani lilikuwa linaingia, na ofisa hakupata nafasi ya kubishana.

Vijana walikaa. Kwa mara ya kwanza walikuwa ndani ya turubai, kwenye kivuli, magoti pamoja, na wengine hawakujua mikono waiweke wapi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisimama akasema malori yanaziba barabara, na juzi mtoto alikoswakoswa kugongwa. Alipigiwa makofi, na alistahili. Kisha Wakili akapewa kipaza sauti. Karatasi hakuwa nayo. Neno la kwanza liligoma kutoka. Nyuma yake Kasuku akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Uliza tu, mwenyekiti. Uliza."

Watu wakacheka, na Wakili naye akacheka, na kicheko kikamfungua.

"Mzee wangu mwenye duka amesema kweli," alianza. "Malori yanahitaji mahali. Swali langu ni kwamba kijito kikifukiwa pale, mvua ikinyesha maji yatapita wapi? Maana yatapita tu. Na la pili, kontena la taka limewekwa ukingoni na ukuta umebomoka. Sisi tunatoa taka kila wiki, na kila mvua inatuletea nyingine. Nani anahusika na ukuta ule? Na la tatu, mheshimiwa diwani, umewahi kufika kwenye chemchemi?"

Diwani, mtu mzima mwenye sauti nzito, alijikuna shavu.

"Sijawahi," alisema. "Iko wapi?"

"Nyuma ya soko. Tunaweza kukupeleka sasa hivi."

Hakuna aliyetarajia kwamba angesimama, lakini alisimama. Ngumi alimletea mabuti ya mpira, yakambana, akaenda nayo hivyo hivyo akichechemea, na mkutano mzima ukamfuata ukipanda ukingo, wazee, wenye maduka, kina mama na watoto wao. Mama Viti hakwenda. Mtu lazima alinde viti. Alibaki na mumewe chini ya turubai tupu, akasikiliza sauti ya Kasuku ikiteremka kutoka kule juu, ikieleza watu waangalie hapa na waangalie pale, na kifua kikamjaa mpaka akalazimika kujifanya anafuta vumbi kwenye meza kuu.

Mambo hayakumalizika siku ile. Wakili alirudi ofisini mara nyingi, sasa akiwa na Ngumi na Kasuku pamoja naye, na ofisa akajifunza kuwasalimia. Kontena lilihamishwa kuletwa upande wa barabara. Ukuta ulichelewa sana, ukajengwa nusu, wakaenda wakauliza habari za nusu nyingine, ikajengwa. Maegesho yalipatikana, ila yalisogezwa, na ukingo wa kijito ukaachwa kama walivyoomba, wakapanda matete na mianzi michanga kuanzia hapo mpaka chini ya banda la Mama Viti. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hakupata eneo lote alilolitaka, alinuna kwa muda, kisha akawapa koleo mbili. Na kamati ya maji ya kata ilipoundwa upya, watu wawili wa kijitoni waliingia, mmoja akiwa Ngumi, ambaye inasemekana huongea mara moja kwa kila kikao na wote hunyamaza kumsikiliza.

Ofisi ya kata ilikodi viti kwingine kwa kipindi kirefu. Mama Viti alilimeza hilo bila kulalamika, na kweli watu hawakuacha kuoana.

Lakini jambo lililomgusa kuliko yote lilikuja baadaye, na lilianza kwa kumuudhi. Alasiri moja Kasuku alifika getini, kofia mkononi, mpole kupita kiasi.

"Mama, unaitwa kikaoni."

"Na nani?"

"Na... sisi."

Akawakuta wamekaa ukingoni kwa duara. Hakuna aliyetaka kumtazama machoni. Wakili alisimama.

"Mama mkubwa, tulikwenda kwa mwenye gereji kumwomba asimwage oili kijitoni. Akatuuliza, mbona Mama Viti anamwaga povu la sabuni na hamumwambii kitu? Tukakosa jibu. Tukaja kuangalia. Matete ya hapa chini kwako yamekuwa ya manjano. Ya juu yako ni mabichi. Tumepiga kura. Hakuna mtu kuosha kitu kwa sabuni kijitoni. Mtu yeyote."

"Mimi?" Mama Viti alijishika kifua. "Kijito hiki nani aliingia kwanza? Mimi ndiye niliyewapa viti vya kukalia, leo mnanihukumu mkiwa kwenye viti vyangu?"

"Leo tumekaa chini, Mama," alisema Ngumi kwa upole, na kweli walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Hawakuwa wametaka kumkosea adabu kiasi hicho.

Akaondoka bila kuaga. Nyumbani aligongagonga masufuria yasiyo na kosa lolote. Mumewe alimwacha mpaka kelele zikapungua.

"Wamekuonea?"

Mama Viti akaweka sufuria chini.

"Hawajanionea," alisema. "Hicho ndicho kinachoniuma. Yule binti alikuwa anatetemeka, mume wangu. Anaishi nyumbani kwangu, anakula chakula changu, na amesimama ameniambia. Na wale wengine wote wamekaa nyuma yake, hata mmoja hakukimbia." Akamgeukia mumewe. "Umewahi kuona mtu mzima wa mtaa huu anamwambia rafiki yake jambo kama hilo?"

"Mimi sijaona."

"Hata mimi." Na sauti yake ilikuwa imeshabadilika, ikawa ya mtu anayesimulia habari njema.

Kesho yake alirudi ukingoni kwa miguu yake. Aliwaambia kura yao ni halali, sabuni haitaingia tena majini, ila wampe muda ajenge mahali pa kuoshea. Kasuku alitaka kikundi kizima kije kumsaidia siku ya Jumamosi. Wakili akakataa. Jumamosi ni ya mtaa, alisema, na hii ni kazi ya nyumbani kwa mtu, wanaotaka waje siku nyingine. Wakaja Jumapili, wote. Walichimba shimo mbali na kijito, wakalijaza kokoto, wakamwaga sakafu ya zege juu ya udongo uliosindiliwa, na mumewe akafunga mifereji kwenye paa la banda ili maji ya mvua yaingie kwenye matangi. Viti vinaoshwa hapo mpaka leo.

Habari hiyo Mama Viti huisimulia kwa kila mteja anayekuja kukodi, na kila mara huitia chumvi kidogo, mpaka siku hizi, ukimsikiliza, utadhani alipelekwa mahakamani. Huinua kidevu anapofika pale aliposhindwa. "Wamenishinda mimi!" husema, na mteja asiyemfahamu hubaki akishangaa mtu anayejivunia kushindwa.

Mdogo wake alimpigia simu mwezi ule, amesikia mambo nusu nusu, ana wasiwasi.

"Dada, mwanangu anakusumbua? Nimesikia amekuita kikaoni. Kama amekushinda nitakuja kumchukua."

"Ananisumbua sana," alisema Mama Viti. Nje ya dirisha Wakili alikuwa akigawa koleo, na Kasuku akimpinga kwa sauti kuhusu ni nani aanzie wapi. "Ananisumbua kila siku ya Mungu. Ukija kumchukua, jua tutagombana mimi na wewe."